Theluji ya Mlango wa Mbele

Taisto Kemppainen hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Saimi Tolonen kuliko yote. Jirani mbaya ungemfokea, ukafunga lango, ukanuna mwaka mzima na watu wakakuelewa. Lakini utamfanya nini mtu anayekuja kukuondolea theluji uani bila kuombwa, kila inapoanguka, saa moja asubuhi kabla hujamaliza kahawa, kisha anakupungia mkono kutoka juu ya trekta kama aliyekuletea zawadi?

Trekta lenyewe lilikuwa la buluu, kuukuu, lenye bapa kubwa la chuma mbele la kusukumia theluji. Taisto alilinunua baada ya mkewe, Elvi, kufariki. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kukaa ndani na kutengeneza nyavu. Sasa majira ya baridi yakiingia hakukaliki nyumbani kwake. Anasafisha ua wake, anasafisha njia inayokwenda kwenye masanduku ya barua, na kutoka hapo anateremka hatua mia mbili hadi kwa kina Tolonen. Huko alikuwa akifungua njia ya gari, na kwa hilo Saimi alimshukuru kwa moyo wote, maana yeye na mumewe Kalervo hawakuwa vijana tena. Tatizo ni kwamba Taisto hakuishia kwenye njia ya gari. Alikuwa akigeuza trekta, akaelekea ngazi za mlango wa mbele, akakwangua mpaka nyasi zilizoganda zikaonekana.

Kwa miaka arobaini mlango ule haukutumika wakati wa baridi. Watu waliingia kwa mlango wa jikoni, wageni, kasisi, hata aliyekuja kuposa binti yao Outi. Ilikuwa amri ya Kalervo, na Kalervo si mtu wa kutoa amri nyingi. Theluji ya kwanza ikianguka alisimama dirishani akasema, "Pale mbele pasiguswe, kuna bomba," na ikawa hivyo mpaka mwezi wa tano. Saimi hakuhitaji kufafanuliwa. Kila mtu wa kijiji chao, Honkaperä, anajua kwamba theluji iliyolala bila kukanyagwa ni blanketi la ardhi. Iache, na baridi haipenyi chini. Iondoe, au ipitishie gari zito juu yake, na baridi inashuka ardhini kama msumari, inalifuata bomba la maji popote lilipo.

Na kwa mambo ya maji Kalervo alikuwa mwangalifu kuliko fundi yeyote. Kila mwezi wa kumi walikivalisha kisima wao wawili. Kisima kilikuwa juu kidogo mteremkoni, karibu na misonobari, na kilikuwa na vifuniko viwili, kimoja ndani ya kingine. Katikati yake waliweka magunia ya majani makavu na godoro la kitanda alichokuwa akilalia Outi utotoni. Juu wakarundika matawi ya msonobari. Chini ya jikoni, mahali bomba lilipoingilia, Kalervo alilizungushia sufi na waya wa kulipasha joto, akaukagua ule waya kwa kiganja kila jioni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mtu makini namna hiyo, Saimi alikuwa akijiambia, akisema pasiguswe, basi pasiguswe.

Mara ya kwanza alimwambia Taisto kwa upole, getini, na chupa ya kahawa ya moto mkononi ili maneno yasikike laini. Taisto alizima trekta, akavua kofia.

"Shemeji, bomba lenu liko nyuma ya banda la kuni," alisema. "Nani alijue kama silijui mimi? Mtaro ule niliuchimba kwa mikono hii, wiki mbili nzima, nikauzunguka ule mwamba wote."

"Kalervo anasema lipo hapa mbele."

"Basi Kalervo aje aniambie mwenyewe."

Akanywa kahawa, akashukuru, akawasha trekta, na asubuhi iliyofuata akaja tena kukwangua.

Mara ya pili Saimi aliamua kutotumia maneno. Alichukua fito sita, akazifunga vitambaa vyekundu, akazichomeka kuzunguka eneo lote la mbele, kwamba hapa hapapitiwi. Kulikucha na theluji nene. Alipotoka alikuta Taisto amepita katikati ya zile fito, kwa mstari ulionyooka kama wa rula, bila kuangusha hata moja. Siku hiyo hiyo alimpigia simu kumsifu. Alisema kwa kweli zile fito zimemsaidia, maana gizani alikuwa haoni mwisho wa njia, na kwamba sasa anaweza kufika hadi kwenye ngazi bila wasiwasi. Saimi aliweka simu chini, akakaa kitini dakika nzima akitazama ukuta. Kosa lilikuwa lake, alilijua mara moja. Nchi nzima huchomeka fito kando ya barabara ili wasukuma theluji waone pa kupita.

Ikabaki njia moja, Kalervo mwenyewe aseme. Na hapo ndipo Saimi alipogundua kwamba mumewe, ambaye wamelala kitanda kimoja miaka arobaini na mitatu, hakuwa tayari kumwambia jirani yake sentensi ya maneno manne.

"Nitamwambia," alikuwa akijibu.

"Lini?"

"Tukikutana."

Walikutana kila Jumamosi. Siku hiyo Taisto aliteremka na taulo lake begani, yeye na Kalervo wakaingia sauna, wakakaa humo kwenye mvuke saa mbili, uchi, bega kwa bega, hakuna wa kuwasikia wala wa kuwaharakisha. Kama kuna mahali duniani pa kumwambia mtu jambo, ni pale. Kalervo alirudi ndani mwekundu kama nyanya, amepumzika, na Saimi akamuuliza kama amemwambia.

"Hatukufika huko."

"Mliongea nini sasa?"

Kalervo alifikiri. "Hatukuongea."

Saimi alitamani kumpiga na taulo. Alijua wanaume wa huko wanavyoupenda ukimya, lakini hata ukimya una mpaka. Jumamosi iliyofuata hali ilikuwa hivyo hivyo, na ile iliyofuata pia. Akambana, baba Outi, unaogopa nini, yule ni Taisto, si hakimu. Kalervo akasema hataki kumvunja moyo mtu aliyefiwa. Elvi alikuwa amefariki miaka miwili na zaidi iliyopita, lakini Saimi aliacha kumbana, maana sababu hiyo ilikuwa na utu ndani yake na yeye hakutaka kuonekana hana.

Kisha mwezi wa kwanza ukaleta baridi ya kweli. Siku kumi na mbili mfululizo hakukuanguka hata chembe ya theluji, anga ilikuwa nyeupe na kavu, na kipimo cha joto ukutani kilishuka mpaka digrii thelathini na nne chini ya sifuri. Kuta za nyumba zililia kama mbao zinazopasuliwa. Pale mbele, palipokwanguliwa, ardhi ilikuwa tupu na ngumu, ya kijivu, kama kichwa kilichonyolewa. Saimi alijaribu kuifunika. Alitandaza mazulia mawili ya zamani, akapiga theluji kutoka kando kwa koleo na kuirudisha juu, mpaka mgongo ukakataa. Kalervo alitoka kumsaidia bila neno, akapiga koleo kuliko yeye, kwa hasira ambayo Saimi hakuielewa wakati ule.

Jumanne asubuhi koki ya jikoni ilikohoa mara mbili, ikatoa maji kiasi cha kikombe, ikanyamaza.

Kalervo alishuka chini ya jikoni. Pampu ilikuwa inazunguka bure, akaizima isiungue. Akapanda kisimani, akafunua vifuniko vyote viwili, akamulika na tochi. Maji yalikuwa yametulia mle ndani, meusi, hayana hata utando wa barafu. Waya wa joto ulikuwa na moto. Kwa hiyo kisima kizima, nyumba nzima, na kilichoganda ni bomba, mahali fulani katikati.

"Mahali fulani," alisema Saimi. "Wewe unajua ni wapi, na mimi najua ni wapi."

Kalervo alikaa kwenye benchi la mlangoni akavua buti, akachukua muda mrefu sana kuvua buti. Alisema labda wasubiri. Wasubiri nini, Saimi aliuliza. Kalervo alisema ardhi huyeyuka yenyewe. Saimi alihesabu kwa vidole: wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Akamuuliza kama anapendekeza wasioge mpaka mwezi wa tano.

Maji yakawa ya kuchota, na ya kuchota yalikuwa kwa Taisto, kwa sababu kisimani kamba ilijaa barafu na ngazi zake zilikuwa hatari kwa miguu ya wazee. Saimi alifunga madebe mawili kwenye kigari cha kuburuta kisicho na magurudumu, akapanda nacho kilimani mara tatu kwa siku. Na Taisto alifurahi. Hicho ndicho kilichomtoa Saimi roho. Yule mtu alifurahi kupata mgeni. Alimjazia madebe, akamfuta theluji mabegani, akamkalisha, akamkatia mkate wa iliki aliouoka mwenyewe, mgumu kama ubao, akamweleza kwa huruma kwamba mabomba ya zamani ndivyo yalivyo, pengine ni kiungio kimeziba. Saimi alitafuna ule mkate akitazama dirishani, ambako trekta la buluu lilikuwa limeegeshwa limefunikwa turubai vizuri lisipate baridi.

Aliweza kuvumilia siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, siku ya kahawa ya wastaafu kwenye jengo lililokuwa shule. Saimi alikwenda akiwa amefunga kitambaa kichwani kuficha nywele chafu. Mama mmoja akamuuliza, bila nia mbaya, kama anaumwa. Kila kitu kikamtoka. Alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba haumwi, hana maji, na hana maji kwa sababu kuna mtu ana trekta na hana masikio. Kwamba alimwambia kwa mdomo, akamwambia kwa fito, na bado akaja kumvua blanketi juu ya bomba lake kila asubuhi kama anayemfanyia hisani. Alisema angependelea jirani mvivu. Alisema na mengine ambayo baadaye hakuyakumbuka vizuri, ila aliikumbuka sauti yake, jinsi ilivyopanda.

Taisto alikuwa meza ya pili. Alisubiri amalize.

"Bomba halipiti pale, shemeji," alisema polepole. "Mtaro nilichimba mimi. Kalervo, mwambie."

Watu wote wakamgeukia Kalervo. Kalervo alikuwa amekitazama kikombe chake kama mtu anayesoma. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Taisto akangoja kidogo, akainuka, akaacha kahawa yake nusu na kipande kizima cha keki, akavaa koti bila kufunga vifungo, akatoka. Ukumbini mtu akauliza nani anataka kuongezewa kahawa.

Njiani Saimi alimuuliza mumewe kwa nini hakumtetea. Kalervo aliendesha gari kwa mikono miwili, macho mbele. Saimi alisema amechoka, amechoka na baridi, amechoka na madebe, lakini kilichomchosha hasa ni kuishi na mtu ambaye lazima umkamue neno kama jiwe. Alipofika nyumbani alimpigia simu fundi wa mjini Kajaani, na wala hakuomba ushauri wa mtu.

Fundi alikuja Ijumaa saa nne asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini hivi aitwaye Jonna, mchangamfu, mwenye gari lililojaa mipira ya maji na mashine ya kuchemshia. Alieleza kazi yake kwa kifupi. Anaingiza mpira mwembamba ndani ya bomba kutokea jikoni, anasukuma maji ya moto kwa presha, barafu inayeyuka mbele ya mpira, na mpira unasogea. Kitu kimoja tu anataka kujua: bomba linapita wapi?

Saimi akaelekeza mlango wa mbele. Na kutoka getini ikasikika sauti ikisema, "Sivyo." Taisto alikuwa amekuja kwa miguu, bila trekta, na fimbo mkononi. Hakumsalimia mtu yeyote isipokuwa fundi. Alikuwa ameliona gari likipita na alitaka kazi ifanyike kwa haki, alisema. Akaanza kumwonyesha Jonna kwa fimbo: linatoka kisimani, linashuka hivi, linafika kwenye mwamba, linazunguka nyuma ya banda la kuni, linaingia jikoni kwa upande ule. Kina chake urefu wa mtu. Pale haliwezi kuganda hata dunia iishe.

Kalervo alisimama ngazini, mikono mfukoni.

Jonna aliingiza mpira. Uliteleza vizuri, mita mbili, mita tano, mita tisa. Mita kumi na moja ukagonga barafu, ukakataa. Taisto akapiga hatua kumi na moja nyuma ya banda, akasimama ndani ya theluji ya kufika kiunoni ambayo haijaguswa tangu mwezi wa kumi na moja, akachoma fimbo yake. "Hapa," alisema. "Nani amekwangua hapa?" Na Saimi, kwa mara ya kwanza, akajiuliza kama amekosea.

Jonna alisema hakuna haja ya kubishana. Kwenye ncha ya mpira kulikuwa na kitu kidogo kinachotoa mawimbi, na yeye alikuwa na chombo cha kukisikiliza. Akakiwasha, akaanza nyuma ya banda, kwenye fimbo ya Taisto. Kimya. Akazunguka kona. Kimya. Akaja upande wa mbele, na chombo kikaanza kulia, taratibu, halafu haraka. Wote wakamfuata. Kililia kwa nguvu zaidi katikati ya ile njia iliyokwanguliwa, juu kabisa ya mwamba, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili asingelaza bomba la maji. Jonna alisoma kipimo akaguna. Sentimita arobaini tu, alisema. Akauliza ni nani aliyelilaza hapa.

Saimi alitaka kusema, unaona? Alikuwa ameshinda. Alimgeukia Taisto na neno lenyewe likiwa mdomoni, akauona uso wake, halafu akauona wa mumewe.

"Roli la bomba lilikuwa fupi," alisema Kalervo.

Ikabidi aendelee. Aliyasema yote akitazama buti zake. Ilikuwa mwaka themanini na nne, Saimi yuko hospitali Kajaani kumzaa Outi. Taisto alimaliza kuchimba Alhamisi jioni akaenda kwake kulala. Ijumaa Kalervo akaanza kulaza bomba, akakuta limepungua mita saba, kwa sababu wiki moja nyuma alikuwa amekata kipande kwa ajili ya sauna na hakupima. Duka la karibu liko mjini, ardhi imeanza kuganda juu juu, na Jumamosi msimu wa kuwinda unafunguliwa. Akalipitisha juu ya mwamba, njia ya mkato, akalifunika kwa maranda ya mbao na vipande vya sponji, akafukia. Na ule mtaro wa kuzunguka akaufukia pia, mtupu. Alidhani atarekebisha kiangazi kitakachofuata.

"Kiangazi kilipofika, wewe ulikuwa unawasimulia watu wote habari za mtaro wako," alimwambia Taisto. "Ningeanzia wapi?"

Taisto alikuwa bado ameshika fimbo. Alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, na Saimi alitamani angepiga kelele.

"Ile ilikuwa likizo yangu yote ya mwaka ule. Elvi alitaka twende Uswidi kwa dada yake. Nilimwambia haiwezekani, Kalervo ana mtoto anakuja na nyumba haina maji. Hakunisemesha mpaka tukapanda viazi." Akaihamishia fimbo mkono wa pili. "Na jana uliniacha niitwe mjinga mbele ya watu."

Akaenda zake kilimani, na walimsikia akikanyaga theluji muda mrefu.

Jonna alirudi kwenye mashine yake kwa haraka ya mtu aliyejikuta chumbani kwa watu. Ilipofika saa tisa koki ilitema hewa, ikatema maji ya rangi ya chai, kisha yakawa meupe. Alimwambia Saimi waiache koki ikitiririka unene wa penseli, mchana na usiku, mpaka baridi ipungue, akaondoka. Saimi aliosha vyombo vya siku nne. Maji yalikuwa yamerudi na hakuwa na furaha nayo. Alikuwa na hasira nyingi hata hajui aanze na ipi. Kalervo alipoingia jikoni akamwambia mambo mawili tu. Kwamba miaka arobaini yeye Saimi amezunguka nyumba yake mwenyewe kama mwizi, na mayai, na watoto, na ununuzi wote wa dukani, akiingilia mlango wa nyuma, kwa sababu ya mita saba za plastiki. Na kwamba Kalervo atakwenda kwa Taisto, na asipokwenda, maji ya kahawa yake atachota mwenyewe maisha yake yote.

Saimi mwenyewe alikwenda kesho yake. Hakuzoea kuomba radhi na alijipanga njia nzima. Taisto alimsikiliza mlangoni.

"Wewe ulisema bomba linapita pale," alisema. "Na kweli linapita pale. Huna kosa, shemeji."

"Nilikutukana mbele ya watu, Taisto."

"Ulikuwa sahihi."

"Sikuja kuambiwa niko sahihi."

Lakini hakupata zaidi ya hapo. Yule mtu hakutaka hata kukubali kwamba amekosewa. Alirudi amekereka kuliko alivyokwenda.

Jumapili saa moja asubuhi wakasikia trekta. Saimi alikimbilia dirishani. Taisto hakuwa anaondoa theluji, alikuwa anaileta. Aliisukuma kutoka barabarani, akaisukuma kutoka pembeni mwa ua, akairundika pale mbele, mzigo juu ya mzigo, mpaka ngazi zikapotea, mpaka kitasa cha mlango kikapotea, mpaka sebule ikawa giza na Saimi akawasha taa ili aone pa kuweka kikombe. Ilikuwa adhabu au ilikuwa msaada? Alitoka kwa mlango wa jikoni akamuuliza anafanya nini.

"Blanketi," alisema Taisto, akaenda kuleta jingine.

Bomba halikuganda tena mwaka ule. Taisto naye hakuja sauna. Jumamosi tatu Kalervo alikaa kwenye mvuke peke yake, akatoka baada ya robo saa, na Saimi hakumwonea huruma hata kidogo. Jumamosi ya nne Kalervo alivaa koti, akachukua chupa ya divai ya matunda waliyoipika wenyewe, akapanda kilimani. Alikaa huko saa tatu. Walichoambiana Saimi hakukipata mpaka leo, kwa sababu alipouliza alijibiwa kwamba wameelewana, kiangazi Kalervo atauchimba upya ule mtaro.

"Tutakodi mashine," alisema Saimi.

"Hapana. Amesema kwa mikono."

Kalervo alikuwa na miaka sabini na mmoja na mgongo wa miaka tisini. Saimi alisema huo ni wazimu, na yeye akakubali kwamba ni wazimu. Mwezi wa sita, ardhi ilipolegea na mbu wakaanza, alichukua koleo akaanza nyuma ya banda la kuni. Taisto aliteremka na kiti cha kukunja, akakiweka kivulini, akakaa. Hakugusa koleo. Siku ya kwanza alitazama tu. Saimi alipeleka kahawa na pai ndogo za wali, akampa Taisto kwanza, akampa mumewe zilizobaki.

Kazi haikuwa ngumu kama alivyoogopa. Udongo uliokwisha kuchimbwa mara moja haukamatani tena kama ule ambao haujaguswa, na Kalervo hakuhitaji kuonyeshwa njia, koleo lenyewe liliifuata. Siku ya tatu alikuwa ameshuka hadi kifuani. Alisimama, akapitisha kiganja kwenye ukuta wa mtaro, ambapo alama za sepetu ya mwaka themanini na nne zilikuwa bado zinaonekana, moja baada ya nyingine, zimenyooka, zikizunguka mwamba.

"Ulichimba vizuri," alisema.

"Najua," alijibu Taisto. Baada ya muda akainuka kitini. "Pale kwenye kona unapinda mapema mno. Sogea."

Saimi alipotoka saa nane alikuta kiti kitupu na vichwa viwili vyeupe ndani ya shimo, vinabishana kama kona ipanuliwe kwa kulia au kwa kushoto. Aliwaambia anataka kupika. Kalervo akasema, bila kuinua kichwa, kwamba pampu wameizima, bomba la zamani wamelikata asubuhi, na jipya halitafungwa kabla ya kesho, na kamba ya kisima wameichukua kupimia mtaro. Saimi akauliza ni nani alifikiria kumwambia. Wakatazamana mle shimoni. Taisto akasema alidhani Kalervo amemwambia.

Alisimama ukingoni akisubiri mmoja wao ajitolee. Waliendelea kuchimba. Basi akaenda bandani, akachukua ndoo mbili, akaanza kupanda kilima kwenda kwa Taisto kuchota maji.